Hedifoni Zilizozibwa Mgongo na Vugo ya Bi Zuhura

Juzi binti mmoja alinisimamisha Malindi, nje ya duka la vifaa vya umeme, ameshika hedifoni mbili kama mtu anayepima mapapai.

"Ami, shikamoo. Hii na hii, ipi ina besi?"

Nikamwambia, marahaba mwanangu, ukichagua mume kwa kuuliza nani ana sauti kubwa, mtaa mzima utamsikia kabla yako. Akacheka sana. Halafu akanunua ile inayong'aa.

Ndipo nikaona afadhali niandike. Siku hizi kila nyumba ya pili ina kijana aliyetundika mablanketi ukutani akaita chumba studio, na wote mnauliza swali moja tu, la besi. Mimi nilikuwa fundi wa sauti. Miaka ishirini na kitu nimerekodi pwani hii, Gongoni mpaka Kilifi, harusi, maulidi, kwaya za kanisa, matangazo ya redio ya sabuni na ya mbolea. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo mkiona nimepinda mahali, ninyoosheni wenyewe. Na sikustaafu kwa uzee. Sikio la kushoto ndilo lililostaafu, likanivuta nami. Sauti nyembamba halizipati tena. Mbu akija upande ule namjua akishaniuma.

Walioniharibia sikio nawataja, sina wa kumwogopa. Wa kwanza ni Jamali, mwenye studio niliyofanyia kazi, ambaye ufundi wote wa sauti aliujua kwa neno moja: "Ongeza!" Wa pili ni Hamza, muuza vifaa, aliyeuza kila kitu kwa jina la studio, hata pasi ya nguo angekuambia ni ya studio. Wa tatu mtamjua tukifika kwake, na yeye ndiye aliyenikera kuliko wote.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Chukua hedifoni uigeuze, utazame upande wa nje, ule usiogusa sikio. Huo ndio mgongo wake. Ukiona vitundu, au wavu kama kawa la kufunikia chakula, hiyo ni ya mgongo wazi. Sauti inatoka na sauti inaingia. Ni tamu, sikatai. Mtu akikaa peke yake kwake, kumetulia, akaweka taarabu, atawaona waimbaji wamemkalia mbele. Lakini ukiona mgongo mzima umezibwa kama kifuu cha nazi, hiyo ndiyo ya kazi. Ya nje yabaki nje, ya ndani yabaki ndani. Mwimbaji akiivaa, muziki anaousikia hauvuji ukaingia tena kwenye maiki. Nawe fundi ukiivaa, unasikia kile ambacho mashine inakisikia, si kile ambacho masikio yako yamejiokotea hewani.

Maneno hayo ya mwisho yasome mara mbili. Mimi kuyajua kulinigharimu aibu ambayo Mambrui bado wanaichekea.

Kulikuwa na harusi huko Mambrui, na kwenye harusi vugo. Kwa msiojua, vugo ni ngoma ya wanawake. Wanagonga pembe kwa vijiti, wanaimba beti za kumsifu bi harusi na kuwapiga vijembe watu wa upande wa mume. Aliyeongoza alikuwa marehemu Bi Zuhura, Mungu amrehemu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Kulikuwa na beti alizozijua yeye tu. Alizipokea kwa mamake, naye mamake kwa nyanyake, na hazikuandikwa popote. Sasa kifua chake kilikuwa kimeanza kumsumbua, anaimba beti mbili anakohoa moja. Wajukuu zake wakasema zirekodiwe kabla hazijaondoka naye. Wakaja kwa Jamali, Jamali akanituma mimi.

Shida ni kwamba uani kwenye vugo mwanamume hatii mguu. Kusikia hakuna anayekukataza, mtaa mzima husikia. Kuona ndiko kunakokatazwa. Kwa hivyo mimi nikakaa nje ya ukuta na mashine yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, waya ukapita chini ya pazia, na aliyeingia na maiki alikuwa mjukuu wa Bi Zuhura, Mwanaisha, fundi cherehani. Nilimpa maiki mlangoni, mkono wangu upande huu wa pazia, wake upande ule.

"Iweke rafuni, karibu na nyanya," nikamwambia. "Halafu usiguse kitu. Umesikia? Kitu chochote!"

"Hata wewe mwenyewe sikugusi," akajibu, na wanawake ndani wakacheka hata pazia likatikisika.

Taa za ile mashine, zile zinazopanda na kushuka kukuonyesha sauti imefika, zilikuwa zimekufa tangu siku Jamali alipoiangusha ngazini. "Si una masikio?" ndivyo alivyosema. Kweli nilikuwa nayo, yote mawili, na juu yake nimevaa hedifoni mpya kutoka kwa Hamza. Boksi limeandikwa studio pande zote nne. Mgongo wake ulikuwa na wavu mzuri wa rangi ya fedha.

Vugo ikaanza. Subhanallahi, ilikuja safi! Kila kijiti nakisikia. Nikajaribu kuongeza sauti kidogo, isiongezeke. Nikasema basi, imeshafika juu kabisa. Akapita mzee mmoja, nikavua hedifoni kumwamkia, nikasikia vugo ni ile ile, haikupungua wala kuzidi. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nilifurahi! Nikajiambia, hizi ndizo hedifoni za kweli, hazibadilishi kitu.

Asubuhi yake Bi Zuhura akaja studio kwa miguu yake, na Mwanaisha nyuma amembebea mkoba. Jamali akawaketisha kwenye viti vya wageni. Nikaweka mkanda.

Shhhhhhhh.

"Ongeza!" akasema Jamali.

Nikaongeza. Shhhhhhhh ikawa kubwa.

"Hiyo ni mvua?" akauliza Bi Zuhura. "Mimi jana niliimba. Sikunyesha."

Nikauendesha mkanda mbele, nikaurudisha nyuma, mvua tupu. Nikamgeukia Mwanaisha. "Ile maiki ina kidude ubavuni, cha kuwashia. Hukukisukuma?"

"Uliniambia nisiguse kitu."

"Lakini..."

"Chochote, ulisema. Mashahidi ninao, ua mzima."

Huyo ndiye mhalifu wa tatu. Fundi aliyempa mtu maiki iliyozimwa, akakaa saa nzima anasikiliza ngoma kupitia matundu ya hedifoni akidhani anasikiliza mashine yake. Ukimtaka nitakuonyesha kwenye kioo.

Nikamwangukia Bi Zuhura. Nikamwomba aimbe tena, pale pale, hata bila pembe, mimi nimshikie maji ya tangawizi. Akanitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Mjukuu wangu, vugo si dawa ya kikohozi niinywe kila nikiambiwa. Vugo ni ya harusi. Mamangu hakuipiga bila bi harusi kukaa mbele yake, na mimi sitaianza leo kwa sababu wewe hukuwasha kidude. Unataka vugo? Lete harusi. Na katika nyumba yetu amebaki bi harusi mmoja tu, huyu hapa, naye amewakataa watatu."

"Wanne, nyanya," akasema Mwanaisha.

"Wanne. Basi subiri."

Wakaondoka. Nikamsikia bibi anakohoa mpaka wakakata kona.

Nilirudi kwa Hamza na zile hedifoni, nikamweleza yote. Akaniambia, bila aibu, "Zilikuwa za studio. Nani alikuambia uzipeleke harusini?" Namtaja tena: Hamza.

Aliyenifundisha hasa ni fundi mmoja wa redio huko Ganda, mzee Kazungu, karakana yake imegusana ukuta na kinu cha kusagia mahindi. Watu walimshangaa kuweka kazi ya sauti pembeni ya kelele zile. Yeye alisema kinu ndicho chombo chake cha kupimia. Nilikwenda kwake na hedifoni nne za kuazima, niko tayari kuzichomeka.

"Usichomeke popote," akasema. "Vaa, usimame mlangoni pa kinu. Kwanza tujue zinazuia nini, ndipo tujue zinaleta nini."

Nikavaa ya kwanza. Kinu kikanguruma vile vile. Ya pili, vile vile. Ya tatu nikaona kama kimesogea nyuma kidogo, nikamwambia hii ndiyo nafuu. Kazungu akanyoosha mkono akaninyang'anya kofia kichwani.

"Umeacha mlango wazi, unalaumu kitasa. Vaa tena zote."

Kweli! Ukingo wa kofia yangu ulikuwa umeinua mito ya hedifoni, pengo dogo kuliko unene wa shilingi, na kinu kizima kinapita hapo. Vijana wenye kofia, nyinyi wenye mitandio na miwani mikubwa, na nyinyi wenye nywele za kusuka, sikieni hili. Mto ukiwa haukugusa ngozi pande zote, hedifoni iliyozibwa haikuzibwa. Na cha kwanza kukimbia kwenye pengo hilo ni hiyo besi yenu mnayoililia. Mtu anasema hedifoni haina besi, kumbe besi imetokea chini ya kofia. Jipime hivi: ukiwa umevaa na muziki unalia, zikandamize kwa viganja viwili. Sauti za chini zikivimba ghafla, ujue bila viganja hazikukai sawa. Tafuta nyingine, maana huwezi kurekodi huku umejishika kichwa kama aliyefiwa.

Ile ya nne, bila kofia, ilikifanya kinu kiwe kama kiko mbali kule Adu. Nikatoa meno.

"Usicheke bado," akasema Kazungu. "Kaa nayo nimalize kuchomelea redio hii."

Redio ilichukua saa nzima, nadhani makusudi. Dakika ya arobaini masikio yakawaka moto. Upinde ulikuwa unanibana kama koleo. "Ndiyo hivyo," akasema. "Inazuia vizuri, lakini kichwa si nazi." Kwa hivyo ukienda dukani usivae dakika moja ukalipa. Vaa, piga soga na muuzaji, mchoshe. Akikukataza kukaa nayo, amekwisha kukuambia anachojua juu yake.

Nilijifunza mengi kwa mzee yule, siwezi kuyamaliza. Nenda na wimbo wako unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, usikubali ule wa muuzaji, ule umechaguliwa kumpendeza mteja. Tazama kama mito inatoka na kama waya unatoka, kwa sababu huku kwetu jasho na chumvi vinakula ngozi ya bandia mpaka inabambuka, utoke studio na vipande vyeusi shingoni. Mito ikibadilika, hedifoni inaishi. Isipobadilika, umeinunua kwa msimu. Mito ya mahameli ina ubaridi wake, lakini inavujisha kidogo, basi hiyo ni ya nyumbani kuliko ya kazini. Soma boksi kuna nambari ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme. Ikiwa ndogo, simu yako itaiendesha. Ikiwa kubwa sana, kwa simu utasikia kama mtu anaongea kisimani, mpaka upate amplifaya. Anayesikiliza nyumbani tu hana haja ya kujitesa na hizo. Na kumbukeni kwamba palipozibwa, sauti nzito hugonga ukuta zikarudi, zikaonekana nyingi kuliko zilivyo. Ukichanganya muziki kwa hedifoni peke yake utazikata, halafu uipige kwa spika usikie wimbo hauna miguu. Nenda kwenye spika uhakikishe. Hata spika ya jirani.

Tukapata hatimaye moja iliyonikaa, nyeusi, mbaya ya sura, iliyokwisha kutumika, kutoka kwa mpiga kinanda wa hoteli aliyekuwa anahama. Nilipoivaa kazini mara ya kwanza, nilishusha sauti chini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Hapo ndipo nikaelewa. Miaka yote nilikuwa naongeza ili nishindane na kelele za nje. Kule Gongoni nikirekodi tangazo karibu na mashine za chumvi, Jamali kando yangu, "Ongeza! Ongeza!" Nilikuwa najimwagia kelele juu ya kelele. Sikio lilikuwa limekwisha kuumia. Lenu bado. Hedifoni nzuri iliyozibwa inakuwezesha kusikiliza taratibu, na hilo ndilo la kuulizia dukani kabla ya besi.

Muda wote huo nilikuwa naenda Mambrui. Nilianza kwa kwenda kumwomba radhi Bi Zuhura, mara na halua, mara na machungwa. Kila nikija, kikohozi kimezidi kidogo, na kila nikitoka nahesabu ni beti ngapi zitabaki. Mwanaisha alikuwa barazani na cherehani yake.

"Fundi wa sauti asiyesikia, umekuja? Mvua yako haijambo?"

"Haijambo. Inakusalimia."

Mtauliza kama nilimposa kwa ajili ya mkanda. Yeye mwenyewe ameniuliza mara nyingi, hasa akikasirika. Nawajibu kama ninavyomjibu: kikohozi cha nyanyake kilinipeleka, vicheko vyake vikanifanya nisiondoke. Nilipotuma wazee wangu sikuwa na hakika. Jibu lilirudi kutoka kwa Mwanaisha hivi: "Mwambieni nakubali. Lakini safari hii kidude awashe yeye."

Sasa fikirieni, nani angerekodi? Jamali alijitolea, nikamwambia Jamali, wewe kaa ule biriani. Ndoa ilifungwa msikitini asubuhi. Alasiri nikawa nimekaa nje ya ukuta ule ule, na joho langu la dhahabu, jambia kiunoni, kilemba nimekivua nimemshikisha ndugu yangu, hedifoni nyeusi kichwani. Wazee walinitazama, wakatazamana.

"Bwana harusi ana nini?" akauliza mmoja.

"Yuko kazini," ndugu yangu akajibu.

Kidude nilikuwa nimekiwasha kwa mkono wangu, kisha nikakifunga kwa utepe kisirudi. Maiki ikaingia uani, kitaa chake chekundu kinawaka. Nikasikiliza. Kimya. Moyo ukanidunda, na hedifoni iliyozibwa vizuri inakusikilizisha moyo wako mwenyewe. Mara nikasikia pumzi, karibu kabisa, kama mtu ameninong'oneza, na sauti ya Bi Zuhura:

"Hiki kijicho chekundu kinanitazama nini?"

"Ndiyo kimewaka, nyanya!" Mwanaisha akajibu kwa mbali, naye ameketi na hina, hawezi kushika kitu. "Kiache hivyo hivyo!"

Nikainua upande mmoja wa hedifoni. Nje, sauti za watu, pikipiki, watoto. Nikafunika. Nje ikafa yote, na Bi Zuhura peke yake ndani ya kichwa changu anasafisha koo. Akakohoa mara moja, mara ya pili, kwa muda mrefu. Nikasema ee Mola, mpe pumzi. Kisha pembe zikagongwa, na akaanza, na beti ya kwanza ilikuwa ngeni, ameitunga siku ile ile:

"Bwana harusi wa leo, masikio kayaziba!
Mke atamuitaje, na waya umemkaba?"

Nilicheka nikaanguka kutoka kwenye ndoo. Wazee wakakimbilia kuniinua, joho limejaa mchanga, wananiuliza nimepatwa na nini, nami sisikii hata neno moja wanalosema, naona midomo tu. Nikawapungia mkono wanyamaze, ingawa sikuwasikia. Baada ya ile ya kijembe, akazishika zile za mamake. Akaziimba zote. Palipomshinda kifua, wanawake walimpokea, wakamshika mpaka akarudi. Kila beti niliisikia ikiingia, na safari hii nilijua imeingia wapi.

Siku ya tatu tukamwita asikilize. Hakuwahi kuvaa hedifoni maisha yake. Mwanaisha akamsogeza mtandio nyuma ya masikio, akamvisha taratibu, akahakikisha mito imekaa. Nikaweka mkanda, sauti chini.

Bibi akatulia. Akafumba macho. Kisha akapiga kelele, vile anavyopiga mtu asiyejisikia mwenyewe, hata kuku wakaruka uani:

"MWANAISHA! BIBI HUYU NI WA WAPI? MBONA ANAJUA KUIMBA HIVI?"

Tukavunjika mbavu. Mwanaisha, machozi yanamtoka kwa kucheka, akamwinulia upande mmoja, akamwambia sikioni: "Ni wewe, nyanya. Ni wewe mwenyewe."

Bi Zuhura akamtazama. Akautoa mkono wa mjukuu wake polepole, akaikandamiza hedifoni irudi mahali pake.

"BASI NIACHENI," akasema. "NIMSIKILIZE."